Congress.gov kwa msomaji aliye mbali na Washington: mapitio ya huduma ya kufuatilia miswada ya Marekani

Mwishoni mwa Mei 2025, binamu yangu anayefanya kazi Texas alinitumia ujumbe uliokuwa ukizunguka katika makundi ya WhatsApp, ukidai kwamba Marekani imekwisha kupitisha sheria ya kukata asilimia 5 ya kila fedha inayotumwa nje na mtu asiye raia. Yeye hutuma fedha nyumbani kila mwezi na hana uraia wa huko, kwa hiyo hakuhitaji kufafanuliwa uzito wa habari hiyo; alitaka tu kujua kama makato yanaanza mwezi ule au la. Baada ya robo saa nilimjibu kwamba hakuna sheria iliyokwisha kupitishwa, kwamba kilichokuwapo ni mswada uliopita katika Baraza la Wawakilishi tarehe 22 Mei kwa kura 215 dhidi ya 214, kwamba kiwango kilichomo si asilimia 5 tena bali 3.5, na kwamba Seneti ilikuwa bado haijaupigia kura. Robo saa hiyo niliimaliza ndani ya Congress.gov, tovuti rasmi ya miswada ya Bunge la Marekani, ambayo nimeitumia kwa miaka kadhaa katika kazi yangu ya kufasiri habari za siasa za nchi hiyo. Ninaipitia hapa kama huduma: inampa nini mtu anayeifungua akiwa mbali, bila wakili pembeni, na inamwacha wapi.

Huduma yenyewe ni ya bure, haina matangazo, wala haidai usajili ila pale unapotaka kutumiwa arifa. Inaendeshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kwa kushirikiana na ofisi za Bunge lenyewe na Ofisi ya Uchapishaji ya Serikali. Mtangulizi wake aliitwa THOMAS, kwa heshima ya Thomas Jefferson, naye alianza kazi Januari 1995, wakati ambapo watu wengi duniani walikuwa hawajapata kuona tovuti yoyote; Congress.gov ilifunguliwa kwa majaribio Septemba 2012, na THOMAS ikastaafishwa Julai 2016. Mkono wa mkutubi bado unaonekana katika kila ukurasa: nambari, tarehe, jina la kamati, rejeo la kumbukumbu za Bunge. Anayetafuta vichwa vya habari vya kusisimua atadhani amepotea njia.

Jambo la kwanza la kujifunza ni nambari, kwa sababu tovuti hii haikusamehe ukizikosea. Mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi hupewa herufi H.R., na ulioanzia Seneti hupewa S., kisha nambari hufuata. Hesabu huanza upya kila Bunge jipya, yaani kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo H.R. 1 ya Bunge la 118 ulikuwa mswada wa nishati, ilhali H.R. 1 ya Bunge la 119 ndio ule mswada mkubwa wa kodi na matumizi uliomsumbua binamu yangu. Bunge la 119 lilianza tarehe 3 Januari 2025 na muda wake unaisha tarehe 3 Januari 2027. Mswada wowote utakaokuwa haujakamilika siku hiyo utakufa, hata kama umebakiza kura moja, na anayeutaka atalazimika kuuwasilisha upya kwa nambari mpya. Ukitumiwa nambari ya mswada bila kuambiwa ni ya Bunge lipi, umepewa nusu ya anwani.

Juu ya ukurasa wa kila mswada kuna mstari wa vituo: umewasilishwa, umepita Baraza, umepita Seneti, umepelekwa kwa Rais, umekuwa sheria. Kituo ulipofika mswada hutiwa rangi. Mchoro huu mdogo ndio kitu bora kuliko vyote katika tovuti, na laiti kila anayesambaza habari za «Marekani imepitisha» angeutazama kwanza, simu zetu zingepumzika. Chini yake kuna sentensi moja inayotaja hatua ya mwisho na tarehe yake. Msomaji wa Afrika Mashariki aisome sentensi hiyo kwa tahadhari, kwa maana hapo ndipo maneno yaleyale ya kibunge tuliyoyazoea yanapogeuka maana.

Chukua mfano wa S. 4110 ya Bunge la 118, mswada uliowasilishwa na Maseneta Chris Coons na James Risch mwezi Aprili 2024 kwa lengo la kurefusha AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, hadi mwaka 2041. Habari hiyo ilipokelewa huku kwetu kwa shangwe, na wengi waliandika kana kwamba miaka 16 ya nyongeza imekwisha kutiwa mfukoni. Ukiufungua ukurasa wake unakuta sentensi ya hatua ya mwisho inasema kwamba mswada umesomwa mara mbili na kupelekwa Kamati ya Fedha. Kwa mtu aliyelelewa na mabunge yetu, kusomwa mara ya pili ni hatua nzito, kwa sababu ndipo mjadala mkuu unapofanyika ukumbini na ndipo waziri anapojibu hoja za wabunge. Katika Seneti ya Marekani «kusomwa mara mbili» ni utaratibu wa karani tu, unaofanyika siku ileile mswada unapopokelewa, bila mjadala na bila kura. Sentensi ile kwa hiyo ilikuwa inasema kwamba mswada umeingia mlangoni na kuwekwa kwenye jalada la kamati. Haikubadilika mpaka Bunge la 118 lilipomaliza muda wake Januari 2025, na muda wa AGOA uliokuwa umewekwa mwaka 2015 ukafika kikomo tarehe 30 Septemba 2025.

Mtego wa pili ni neno «mezani». Kwetu, hati ikiwasilishwa mezani maana yake imefikishwa rasmi mbele ya Bunge na sasa inaweza kushughulikiwa. Kule, kuweka jambo mezani ni kuliondoa njiani ili lisishughulikiwe tena. Katika orodha ya hatua za karibu kila mswada uliopita Baraza la Wawakilishi utakuta mstari unaosema kwamba hoja ya kufikiria upya imewekwa mezani bila pingamizi. Niliwahi kuufasiri mstari huo kinyume, nikaandika kwamba Baraza limekubali kuurudia mswada, kumbe lilikuwa limefunga mlango wa kuurudia. Mhariri aliniuliza swali moja tu na nikaona kosa langu. Tovuti ina faharasa ya istilahi, na maelezo yake ni mazuri, lakini imewekwa mbali na mahali ambapo istilahi zenyewe zinatumika. Anayesoma hatua za mswada hana namna ya kugusa neno gumu na kupata maana yake papo hapo. Kwa huduma inayosomwa na dunia nzima, hilo ni pengo ambalo lingezibika kwa kazi ndogo.

Nirudi kwenye kodi ya fedha za kutuma nje, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi faida ya sehemu ya matini. Kila mswada una kichupo cha matini, na ndani yake kuna orodha ya matoleo: lililotoka kamatini, lililopita Baraza, lililopita Seneti, na la mwisho lililopelekwa kwa Rais. Msomaji wa haraka hufungua lile lililo juu na kufunga. Anayetaka kuelewa hufungua mawili kwa pamoja katika madirisha mawili. Kwa H.R. 1, toleo lililotoka kamatini lilikuwa na asilimia 5. Lililopita Baraza lilikuwa na asilimia 3.5, na raia wa Marekani walikuwa na njia ya kusamehewa. Toleo la mwisho lina asilimia 1, linamhusu kila mtu, raia kwa mgeni, lakini linagusa tu fedha zinazotolewa kwa taslimu au kwa hati za karatasi kama hawala ya posta na hundi ya benki. Anayetuma kutoka katika akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, hakatwi kitu. Makato yanahusu fedha zinazotumwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025, na maneno yenyewe yako katika kifungu cha 70604.

Kwa dola 200, hiyo ni safari ya kutoka dola 10, kwenda dola 7, hadi dola 2, au sifuri kwa mwenye akaunti. Binamu yangu alikuwa na mazoea ya kupeleka noti dirishani kwa wakala. Nilimtumia kifungu hicho kimoja, nikamfasiria sentensi mbili, naye akajibu, «Kumbe dawa yake ni kutumia benki tu, kaka.» Hakuna gazeti wala video iliyomfikisha hapo kwa uhakika ule. Nilichokipenda ni kwamba sikuhitaji kumwomba aniamini mimi. Alipewa kiungo, akafungua, akaona nambari ya kifungu kwa macho yake.

Lazima niseme pia kwamba kukifikia kifungu hicho si mchezo. Toleo la Baraza la H.R. 1 lilizidi kurasa 1,000, na la mwisho lina kurasa zipatazo 330, si kwa sababu theluthi mbili ziliondolewa, bali kwa sababu matoleo ya awali huchapwa kwa herufi kubwa na mistari iliyoachana, yenye nambari pembeni, ili wabunge waweze kurejelea mstari fulani wanapotaka kuurekebisha. Wanaopiga kelele kuhusu idadi ya kurasa, huko na huku kwetu, mara nyingi wanalinganisha aina mbili za uchapaji. Njia ya busara ni kufungua yaliyomo, kutafuta neno linalokuhusu ndani ya ukurasa, na kusoma kifungu kizima kuanzia kichwa chake hadi tarehe ya kuanza kutumika, ambayo aghalabu imefichwa katika aya ya mwisho. Wengi hukosa hapo: wanasoma kiwango na kusahau tarehe.

Kuhusu majina ya miswada, onyo langu ni moja: yasikutawale. Jina fupi ni tangazo la biashara linaloandikwa na mwasilishaji, na mswada unaweza kubeba jina moja na mzigo mwingine kabisa. AGOA yenyewe ilizaliwa katika H.R. 434 ya Bunge la 106, iliyotiwa saini tarehe 18 Mei 2000. Nyongeza yake ya miaka kumi ya mwaka 2015, hata hivyo, ilipitia H.R. 1295 ya Bunge la 114, mswada ulioanza maisha yake ukihusu namna Mamlaka ya Mapato ya Marekani inavyoamua ni taasisi zipi zisamehewe kodi. Katiba ya Marekani inataka miswada ya mapato ianzie katika Baraza la Wawakilishi, na ushuru wa forodha ni mapato. Basi Seneti ilichukua gamba la mswada wa Baraza uliokuwa tayari umefika kwake, ikakomba kilichomo na kujaza masuala ya biashara. Aliyekuwa akifuatilia neno «Afrika» katika majina ya miswada angelala usingizi mzito siku AGOA inaongezwa. Kichupo cha majina huonyesha mabadiliko haya yote kwa mpangilio, jina la kila hatua na la kila chumba cha Bunge, na ni miongoni mwa sehemu zinazopuuzwa bila haki. Ukikifungua kwa H.R. 1 utaona kioja kingine: jina la mbwembwe ambalo dunia nzima inalijua, «One Big Beautiful Bill Act», liliondolewa Seneti kwa pingamizi la kanuni, na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ina jina refu na kavu linalotaja tu kwamba ni sheria ya upatanisho wa bajeti.

Sasa niseme kuhusu kitu ambacho tovuti inajivunia na mimi nakitilia shaka, nacho ni mgawanyo wa miswada kwa maeneo ya sera. Wataalamu wa Huduma ya Utafiti ya Bunge huupa kila mswada eneo moja kati ya maeneo 32: kodi, afya, uhamiaji, biashara ya nje, kilimo, majeshi na usalama wa taifa, na kadhalika, hadi wanyama. Kwa mswada mdogo wenye jambo moja, utaratibu huu unafanya kazi vizuri sana. Unachagua Bunge la 119, unachagua uhamiaji, unachagua iliyopita angalau chumba kimoja, na orodha iliyokuwa ya maelfu inakuwa ya kuhesabika. Tatizo ni kwamba sheria kubwa za Marekani siku hizi hazipiti moja moja. H.R. 1 peke yake ilibeba kodi za mapato, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, msaada wa chakula, mikopo ya wanafunzi, nishati, fedha za ulinzi wa mipaka na hiyo kodi ya fedha zinazotumwa nje. Mswada huo ukipewa eneo moja tu, yeyote anayechuja kwa eneo la uhamiaji anaukosa mswada uliogusa maisha ya wahamiaji kuliko mwingine wowote aliouona kwenye orodha yake. Kuna orodha ya pili ya istilahi za mada, inayoruhusu mswada mmoja kubeba mada nyingi, na huwa ninaitegemea zaidi; ila hujazwa baadaye, wakati mwingine habari ikiwa imepoa.

Ucheleweshaji huo unaikumba pia sehemu ya muhtasari. Muhtasari huandikwa na Huduma hiyohiyo ya Utafiti, kwa lugha isiyoegemea upande wowote, na ubora wake ni wa kuigwa: sentensi fupi, hakuna sifa, hakuna lawama. Lakini mswada mpya hukaa siku nyingi ukiwa na tangazo tu kwamba muhtasari unaandaliwa. Hata matini kamili kwa kawaida hufika siku moja au mbili baada ya mswada kuwasilishwa, na ule mnene huchukua muda zaidi. Ni katika siku hizo mbili ndipo uvumi unapokimbia. Mtu anayeisifu huduma hii kwa kuwa «ya papo kwa papo» hajaitumia siku ya kwanza ya mswada wenye kelele. Ubora wake uko katika wiki ya pili na kuendelea.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Congress.gov haikuambii kipi ni kizito. Katika Bunge la 118 iliwasilishwa miswada zaidi ya 15,000 katika vyumba vyote viwili, na iliyokuwa sheria haikufika 300. Tovuti inaonyesha yote kwa usawa uleule, kwa maandishi ya ukubwa uleule, mswada wa bajeti ya ulinzi na mswada wa kuipa ofisi ya posta jina la marehemu mwanajeshi. Kwa kweli huu wa posta una nafasi nzuri zaidi ya kupita. Ninaelewa kwa nini chombo cha Bunge hakiwezi kutabiri kura za Bunge, na sikitaki kifanye hivyo. Lakini msomaji wa nje anahitaji vipimo, naye itabidi avitengeneze mwenyewe. Mimi hutazama wadhamini wenza kwanza, yaani wabunge wengine waliotia majina yao kuuunga mkono mswada, si idadi yao bali vyama vyao, kwani mswada wenye wadhamini 40 wa chama kimoja mara nyingi ni tamko tu la msimamo. Kisha huangalia kama mwasilishaji yumo katika kamati iliyopelekewa mswada, na kama kuna mswada pacha katika chumba cha pili, jambo ambalo kichupo cha miswada inayohusiana hulionyesha bila taabu. Nambari nazo zinasema kitu: 10 za kwanza za Baraza kwa kawaida huwekewa akiba Spika, kwa hiyo mswada wenye nambari ya chini sana haukuipata kwa bahati. Anayetaka makadirio ya wazi ya uwezekano wa mswada kupita anaweza kwenda GovTrack, tovuti huru iliyoanza mwaka 2004 na inayotumia takwimu hizihizi za umma. Ninaifungua pia, ila kwa matini na hatua hurudi kwenye chanzo.

Mfano wa kipimo hiki ni bahati nasibu ya grinikadi. Iliundwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, na sheria hiyo inaruhusu viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka. Miswada ya kuifuta imewasilishwa katika Bunge moja baada ya jingine, na kila unapowasilishwa mmoja, kundi letu la familia hujaa simanzi kana kwamba mlango umefungwa jana. Ukiutafuta mswada wenyewe, mara nyingi unakuta kituo kimoja tu kimetiwa rangi, kamati moja au mbili zimetajwa, na kimya. Sisemi kwamba bahati nasibu hiyo haiwezi kusimamishwa. Rais na mabalozi wana njia zao ambazo hazipiti bungeni kabisa, na tovuti hii, kwa asili yake, haizionyeshi. Hilo nalo ni la kukumbuka: maagizo ya Rais hayamo humu.

Kuna pia suala la fedha, ambalo tovuti inalionyesha lote lakini haikuunganishii vipande. Chukua PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kibali chake cha kisheria kilifika mwisho tarehe 25 Machi 2025, na waliosoma hatua hiyo peke yake walitangaza kwamba mpango umekufa. Kule, kuidhinisha mpango na kuutengea fedha ni mambo mawili yanayopita katika sheria tofauti, na mpango unaweza kuendelea bila kibali kipya mradi fedha zimo katika sheria ya matumizi. Miezi michache baadaye H.R. 4, mswada wa kufuta dola bilioni 9.4 zilizokwisha kutengwa, ulitishia dola milioni 400 za mpango huo. Seneti iliziondoa katika orodha ya makato, na mswada ukatiwa saini tarehe 24 Julai 2025 ukiwa na jumla ya takribani bilioni 9. Yote hayo yamo Congress.gov, lakini katika kurasa tatu zisizotajana. Pale ambapo Ofisi ya Bajeti ya Bunge imeandika makadirio ya gharama, kiungo chake huwekwa kwenye ukurasa wa mswada, na ningemshauri yeyote akifungue kabla ya matini, kwa kuwa jedwali la kurasa mbili linaweza kukuonyesha mahali ulipo moyo wa mswada wenye kurasa mia tatu.

Katika simu tovuti inasomeka, ingawa vichupo hujikunja na matini ndefu huchosha kidole. Kwa kazi ya kulinganisha matoleo, tafuta kompyuta. Lugha ni Kiingereza peke yake. Kivinjari kinaweza kuifasiri kwa Kiswahili, lakini baada ya yale niliyoeleza kuhusu «kusomwa mara mbili» na «mezani», nadhani msomaji ataona kwa nini simshauri mtu aitegemee tafsiri ya mashine katika orodha ya hatua. Katika muhtasari inavumilika.

Huduma ninayoitumia kila siku ni arifa. Unafungua akaunti bila malipo, unachagua mswada, na kila jambo linapoongezwa katika ukurasa wake unatumiwa barua pepe fupi yenye kiungo. Hapa pia hakuna uzito: kuongezwa kwa mdhamini mwenza mmoja kunaletwa kwa sauti ileile ya kupigwa kwa kura ya mwisho, kwa hiyo wiki ya kwanza utasisimka bure mara kadhaa. Baadaye unajua kusoma mstari mmoja na kufuta. Ninafuatilia miswada kumi na mbili kwa sasa. Asubuhi ya leo nimepata arifa tatu. Mbili zinahusu wadhamini wenza wapya, na ya tatu inahusu mswada ambao hatimaye umewekewa muhtasari, ilhali hatua yake ya mwisho bado ni ileile ya siku ulipowasilishwa, kupelekwa kamatini.